Dumu la Maji ya Machame

Mamdogo Elinaza hucheka kwa mkono. Kitu kikimchekesha, mkono wake wa kushoto unapanda wenyewe, vidole vinne vinaziba mdomo, na yanabaki macho tu kufanya kazi ya kucheka. Hata akiwa kwenye mashine yake ya kufumia masweta, mkono wa kulia ukisukuma kishikio huku na huku, ule wa kushoto haukosei. Nilipohamia kwao Moshono ili niwe karibu na shule, nilidhani ni heshima tu. Ilinichukua wiki mbili kuyaona meno yenyewe, asubuhi moja alipopiga miayo akajisahau. Yalikuwa ya kahawia, na mawili ya mbele yana vishimo vidogo kama jiwe lililonyeshewa miaka mingi.

Aliniona naangalia.

"Ni meno ya kwetu hayo," alisema. "Kule Maji ya Chai, darasa zima tulikuwa hivi. Sikujua kama ni kasoro mpaka nilipokuja mjini."

"Yanauma?" nikamwuliza. Mimi ni mtu wa kuuliza, hata mama yangu aliponileta Arusha aliwaonya.

"Hayaumi, Lydia. Yanaonekana tu."

Namwita mamdogo kwa sababu ameolewa na Elihuruma, mdogo wake baba yangu. Ana miaka ishirini na sita. Mama yake alifariki yeye akiwa darasa la sita, akalelewa na kaka, akajifunza kufuma kwa mama mmoja wa Tengeru, na sasa masweta ya shule mbili za Moshono yanatoka mikononi mwake. Baba mdogo ni dereva wa watalii. Alikuja kuagiza masweta ya madereva wenzake, akarudi kuyachukua, akarudi tena kulalamika kwamba lake linabana, akabadilishiwa, na la pili nalo likaanza kubana.

"Mpaka nikamwambia, kaka, kinachokubana wewe si sweta," mamdogo alinisimulia, mkono mdomoni.

Siku alipopelekwa Machame kutambulishwa, aliamua kutocheka kutwa nzima. Bibi Kaanaeli, mama yake baba mdogo, alimtazama akila, akamtazama akiosha vyombo, kisha akasema mbele za watu, "Msichana ana mikono mizuri." Kila mtu akaelewa alichokiruka.

Princess alizaliwa katikati ya Mei, kilo tatu na robo, sauti kama king'ora. Kesho yake Bibi akashuka na mikungu mitatu ya ndizi mshare, ndoo ya siagi na kisu chake mwenyewe. Kwetu mwanamke akishajifungua anaitwa mzazi, na mzazi hafanyi kitu. Miezi mitatu anakaa ndani, anapikiwa, anakandwa, na mwenye jukumu ni mama mkwe. Miezi ikiisha anatolewa nje mbele ya wanawake wa ukoo na majirani, na hapo anayekaguliwa kwa kweli si mzazi. Ni mama mkwe. Mzazi akitoka amekonda, mama mkwe atazisikia habari zake kanisani mpaka Krismasi.

"Mama yako hayupo," Bibi alimwambia siku hiyohiyo, akimfunga kanga tumboni kwa nguvu. "Basi mimi ndiye mama yako. Nitakulea mpaka watu waulize huyu ni nani."

Mamdogo alilia. Alilia kwa furaha, nilikuwepo. Miaka kumi na minne hakuna mtu aliyemwambia "mimi ndiye mama yako."

Na Bibi hakusema maneno matupu. Saa kumi na moja alfajiri tayari mifupa inachemka. Mtori wa asubuhi wa ndizi na nyama, supu saa nne, mtori wa mchana, maziwa ya moto yenye siagi jioni, na mtori tena kabla ya kulala. Mtori wake ulikuwa mzito kiasi kwamba ukiinamisha bakuli unabaki palepale, na juu yameelea mafuta yanayong'aa. Mboga za majani, hapana, zitamharisha mtoto. Maharage, hapana, yatamjaza gesi. Parachichi hapana pia, na hilo sikuwahi kujua sababu, maana nilipouliza Bibi alisema, "Hapana ni hapana, haina baba wala mama."

Mamdogo alikuwa anakula. Akisema ameshiba, Bibi anasimama mlangoni. "Hujashiba wewe. Sasa mnakula wawili." Wiki ya pili kwenda choo kukawa vita. Alikuwa anatoka huko ameinama, jasho usoni kwenye baridi ya Arusha, na hakutaka mtu ajue isipokuwa mimi niliyemshika mkono kurudi kitandani.

Lakini maziwa yalikuwa mengi. Hilo nataka lieleweke. Wiki tatu za kwanza yalilowesha kanga mbili kwa siku. Princess akinyonya anapaliwa, anaachia, yanamrukia usoni, na Bibi anacheka mpaka anatafuta pa kukaa. "Huyu hanyonyi, anaoga!"

Kisha nikafungua mdomo wangu.

Ilikuwa Jumapili mchana, shule zimefungwa, mimi na Bibi tumekaa uani tunamenya ndizi. Mamdogo amempakata Princess pale kwenye kijua. Mtoto akapiga miayo, na Bibi akainama kuchungulia fizi zake kama mtu anayetafuta kitu kilichodondoka.

"Lydia, wewe unasoma. Hivi haya meno ya watu wa huku yanaletwa na nini? Ni damu?"

Sikumwangalia mamdogo amelipokeaje. Nilikuwa naliangalia swali, na jibu lake nilikuwa nalo. Kemia ndilo somo ninalolipenda.

"Si damu, Bibi. Ni maji." Nikamweleza kama mwalimu wetu alivyotueleza: kwamba chemchemi nyingi za kuzunguka Mlima Meru zina madini yanaitwa floraidi, yanatoka kwenye miamba ya volkano, na mtoto akiyanywa kwa wingi wakati meno yake yanajiumba, meno yanatoka na rangi. Bibi aliacha kumenya.

"Na maziwa ya mama je? Anachokunywa mama si ndicho anachonyonya mtoto?"

Hilo mwalimu hakulisema. Halikuwa kwenye daftari. Lakini Bibi alikuwa amenikazia macho jinsi anavyomkazia mchungaji wakati wa mahubiri, na hakuna mtu mzima aliyewahi kunisikiliza hivyo.

"Ndiyo, Bibi," nikasema. "Lazima."

"Lazima," Bibi alirudia polepole, akamgeukia mamdogo. Mamdogo alikuwa ameshaupandisha mkono mdomoni, na hakuwa anacheka.

Jumamosi iliyofuata likaja dumu. Yona, mpwa wake Bibi, huleta ndizi sokoni Arusha kila Jumamosi kwa kanta yake, lori dogo. Alipiga honi nje, akashusha dumu la njano la lita ishirini, limejaa maji ya mfereji wa kule kwao Machame.

"Haya, maji ya mbinguni!" alisema. "Gari hili limeshabeba ndizi, mbao, mpaka kwaya nzima. Lakini kupeleka maji kwenye mji wenye mabomba, hii mpya, shangazi."

"Nyamaza. Utakuja kuyaona meno ya huyu mtoto."

"Kwa hiyo mimi niliyekulia kwenye maji hayo ndiyo maana nina pengo?"

"Pengo lako ulipewa kilabuni," Bibi alimjibu, na hata mamdogo aliyekuwa ndani nikasikia anacheka.

Kuanzia hapo bomba la uani likawa la kufulia, la kuoshea vyombo, na la kwangu mimi. Maji yake yanatoka chemchemi ipi, na kama yana hayo madini au hayana, sikujua, na Bibi hakutaka kubahatisha. Dumu lilikaa chini ya kitanda chake. Mtori ulipikwa kwa maji ya dumu, Princess aliogeshwa kwa maji ya dumu, na yaliyosalia ndiyo mamdogo alikunywa: kikombe cha plastiki asubuhi, nusu kikombe jioni, ili dumu lifike Jumamosi. Nilisema tununue maji ya chupa. "Ya dukani umeona yanakochotwa?" Bibi aliuliza, na kweli sikuwa nimeona. Isitoshe, tangu zamani anaamini maji mengi humwachia mzazi tumbo. "Mtori ni maji tosha," alisema.

Mtori si maji. Mamdogo alikuwa anashiba na huku ana kiu, kitu ambacho sikujua kinawezekana. Midomo ilimpasuka. Alinieleza kwamba kiu inamjia palepale mtoto anapoanza kuvuta: koo linakauka ghafla, kama mtu ameliwekea majivu. Nami nilikuwa nakaa pembeni nikimwangalia anaulamba mdomo wa chini, kikombe chake cha asubuhi kimeshakauka dirishani.

Alhamisi moja Bibi alipokwenda kwenye kikundi cha wanawake kanisani, nilijaza kikombe bombani nikampelekea. Alikishika kwa mikono miwili. Akakitazama ndani.

"Kunywa, mamdogo. Kimoja tu."

"Labda na mama yangu alisema hivyohivyo. Kimoja tu, kimoja tu."

"Sikiliza. Yale ya maziwa sikufundishwa. Nilijibu tu ili nionekane najua."

"Ulisema lazima."

"Nilikosea kusema."

Akanirudishia kikombe. "Lydia, wewe una meno meupe. Hujawahi kupigwa picha ya shule ukaambiwa funga mdomo. Siku ya harusi yangu mpiga picha aliniambia, bibi harusi, tabasamu kwa macho. Kwa macho! Huyu nataka acheke mpaka koromeo lionekane." Alijipangusa midomo kwa pindo la kanga. "Kamwage kabla bibi yako hajarudi."

Nilikimwaga kwenye mchicha.

Sijui maziwa yalianza kupungua siku gani. Nilichokiona ni kwamba kanga zilianza kubaki kavu. Princess alikuwa anavuta, anaachia, analia, anavuta tena, na mamdogo anambadilisha titi hili na hili kama mtu anayejaribu funguo mbili kwenye kufuli moja. Usingizi ukampotea. Bibi alimkanda kwa kitambaa cha moto, akaongeza bakuli moja la mtori, akachinja jogoo. Cha ajabu, mamdogo mwenyewe alikuwa ananenepa. Mashavu yakajaa, shingo ikaanza kukunja. Ukimwona dirishani ungesema nyumba hii haina shida yoyote.

"Mwili umepokea, maziwa yamekataa," Bibi alisema, na hapo ndipo nilipojua kwamba na yeye anaogopa.

Akachanganya maziwa ya ng'ombe na maji ya dumu, akampa Princess kwa kijiko. Siku mbili baadaye akanituma kununua chupa ya kunyonyeshea. Mtoto akashiba, akalala saa nne mfululizo, na nyumba nzima ikalala naye, tukaona tumepona. Hakuna aliyejiuliza: mtoto akishiba chupa, titi atalinyonya saa ngapi? Hata mimi sikuuliza.

Nilimpigia baba mdogo, alikuwa porini na wageni, sauti inakuja na kupotea.

"Baba mdogo, shikamoo. Mamdogo hanywi maji."

"Hanywi maji? Anaumwa?"

Nikamweleza dumu, kikombe, chupa.

"Lydia, Mama ameshalea wakwe watano. Mimi mwanaume nitamfundisha nini habari za kunyonyesha? Nikirudi tutaongea." Simu ikakatika, na nilipopiga tena hakupatikana mpaka Jumatatu.

Wiki ya sita tulikwenda zahanati. Bibi amembeba Princess, mamdogo amejifunika kanga juu ya kanga, mimi nimeshika kadi. Princess akatundikwa kwenye mzani, miguu inaning'inia. Nesi mmoja wa makamo anayeitwa Pudensiana aliangalia mshale, akamtoa, akamtundika upya. Kilo tatu na nusu. Ameongeza robo kilo tu kwa wiki sita.

Akamwuliza mamdogo anakula nini. Bibi akajibu. Akamwuliza anakunywa nini. Bibi akajibu.

"Mama, shikamoo tena, lakini sasa namwuliza yeye," nesi alisema, na hakusema kwa ukali.

Mamdogo akanitazama mimi. Kwa hiyo mimi nikasema. Nilisema yote, dumu na floraidi na lile neno lazima, nikiangalia viatu vya nesi.

Nesi Pudensiana aliacha kiti chake akaja kukaa nasi kwenye benchi. "Madini yapo, mdogo wangu, hapo hujadanganya," alisema. "Ila kwenye maziwa ya mama yanapita kidogo mno, hata mama akiwa anakunywa maji ya hukuhuku. Mtoto wa huku, kwa meno yake, hana kinywaji kilicho salama kama titi la mama yake." Akamshika mamdogo goti. Akamwambia anywe kila anaposikia kiu, asihesabu vikombe. Mtori ni mzuri, aendelee nao, ila usiwe peke yake: kuwe na mchicha, maharage, dagaa, parachichi, na choo nacho kitalainika. Mtoto akilala naye alale. "Na chupa muipunguze, mtoto awekwe kwenye titi kila mara, hata kama anaona halitoi. Maziwa hayaji kwa bakuli, mama. Yanaitwa na mtoto. Kiu peke yake siyo inayolikausha titi. Mtoto asiponyonya, mama asipolala, akikaa na hofu mchana na usiku, ndivyo linavyokauka. Na ya ng'ombe muache leo. Ikibidi sana, ya kopo."

Bibi alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akashukuru. Tulipotoka getini akaniuliza, "Yule ana watoto wangapi?"

"Sijui, Bibi."

"Hana. Mtu aliyezaa hawezi kusema titi linakaushwa na hofu. Mimi nilizaa wakati wa vita vya Amini, redio inatangaza mabomu, na nilinyonyesha."

Nikasimama njiani. "Bibi, mimi ndiye niliyekosea. Mwalimu hakusema chochote kuhusu maziwa ya mama. Nilikujibu bila kujua."

Alinitazama kwa huruma, kabisa, kwa huruma. Akanipangusa vumbi begani.

"Una moyo mzuri, mjukuu wangu. Unajitwisha kosa ili mama Princess apate kunywa. Lakini siku ile nilikuona ulivyosema. Mtu asiyejua hasemi vile."

Ukweli nilishautoa, na umepokelewa kama zawadi.

Ila Bibi si jiwe. Jioni hiyo alimpigia Yona simu alete madumu mawili badala ya moja, na parachichi likaruhusiwa, nusu. Kwa hiyo mamdogo akaanza kunywa. Vikombe vinne, vitano kwa siku, vya Machame. Ya bomba alikataa bado. "Nesi amesema yanapita kidogo," aliniambia. "Amesema kidogo. Hakusema hayapiti." Siku ya nne niliona doa bichi kwenye kanga yake, dogo kama sahani ya kikombe, nikapiga kelele kama tumefunga goli.

Tatizo likawa Princess mwenyewe. Alishajua chupa. Ukimweka kwenye titi anajipinda mgongo, anakunja ngumi, anapiga yowe mpaka anakuwa wa zambarau. Mamdogo anasema, "Vuta, mama, vuta kidogo tu," jasho linamtiririka, na baada ya dakika chache Bibi anatokea mlangoni na chupa ya maziwa ya kopo mkononi.

"Mnamwua mtoto kwa njaa kwa sababu ya maneno ya nesi?"

"Mama, dakika mbili tu."

"Dakika mbili za mtoto mwenye njaa unazijua wewe?"

Na mamdogo anampisha. Angefanyaje? Huyu ndiye aliyemwambia mimi ndiye mama yako. Nami nasimama pale na masomo yangu yote, nimeshika kitambaa.

Shule zikafunguliwa Julai. Nikawa naondoka asubuhi kabla mambo hayajaanza, narudi saa kumi na moja jioni yameshaisha. Baba mdogo alikuja siku mbili, akaleta makopo sita ya maziwa, akambusu binti yake utosini, akarudi porini, ndio msimu wenyewe. Mwishoni mwa mwezi nilimkuta mamdogo amekaa kitandani amegeukia ukuta, anajikamua kwenye kile kikombe cha plastiki. Nilikaa naye karibu nusu saa. Yalipatikana ya kufunika chini ya kikombe tu. Alimpa Princess yote kwa kijiko, tone la mwisho akamlambisha kwa kidole. Siku tatu baadaye nikaona kikombe kimegeuzwa kwenye kichanja cha vyombo, na hakuna kinachokamuliwa tena ndani yake.

Mamdogo akatolewa nje katikati ya Agosti, siku ya Jumamosi. Walikuja wanawake kama thelathini, wengine kutoka Machame kwenye kanta ya Yona, na vigelegele vilianzia barabarani. Mamdogo alivaa gauni la kitenge la bluu, na lilikuwa limempendeza, sitadanganya. Ngozi inang'aa, mikono imejaa, shingo ina mikunjo mitatu.

"Kaanaeli!" mama mmoja mnene alipaza sauti. "Umelea au umefuga?"

"Hebu mwangalieni hiyo shingo! Mimi mkwe wangu alinitoa nimekonda kama fito."

"Aika, mama! Aika!" walimshukuru mmoja baada ya mwingine, wakimshika Bibi mikono yote miwili. Naye alikuwa amesimama wima kuliko siku zote. Mikono yake ilikuwa na alama za kuungua kwa sufuria, miezi mitatu hakulala usingizi wa kutosha, na yote aliyofanya aliyafanya kwa upendo. Nilijua hivyo. Kujua kwangu hakukunisaidia kitu.

"Na mtoto ananyonya vizuri?" mtu akauliza.

"Ananyonya," Bibi alisema.

Chupa ilikuwa jikoni nyuma ya sufuria la pilau. Mimi ndiye niliyetumwa kuificha.

Wakati wa picha Princess alicheka kwa sauti, fizi tupu, mdomo wote wazi, na wanawake wakacheka naye. Mamdogo akatabasamu kwa macho. Kisha Bibi alimletea glasi ya maji mwenyewe. Niliona alikoyachota, ni bombani.

"Kunywa, mwanangu," alimwambia kwa sauti ya chini. "Sasa hayana madhara tena."

Mamdogo alikunywa akiwa amesimama. Akaomba ya pili.

Jumatatu Bibi akaondoka na Yona. Alibeba kisu chake, ndoo yake na madumu yake mawili matupu, maana miezi ya ulezi imeisha na Yona hataleta maji tena, akamwombea kila mmoja wetu mlangoni. Mimi aliniambia nisome sana. Nyumba ikawa na nafasi kubwa ghafla. Jioni nilirudi kutoka shule nikamkuta mamdogo yuko uani, amesimama mbele ya bomba, birika mkononi, kopo la maziwa amelibana kwapani.

"Lydia."

"Abee."

"Yakichemka, yale madini yanaondoka?"

Safari hii nilijua. Nilikuwa nimemwuliza mwalimu wa kemia wiki ileile ya kufungua shule, na alinijibu bila hata kugeuka kutoka ubaoni. Mamdogo alikuwa ananingoja, amenikazia macho vilevile Bibi alivyonikazia ile Jumapili. Niliona wazi kwamba nikisema ndiyo, ataamini.

"Hayaondoki, mamdogo."

Aliitikia kwa kichwa. Ndani, Princess alianza kulia, kile kilio chake kifupi cha kwanza kinachokupa dakika mbili. Mamdogo akaliweka birika chini ya bomba, akafungulia. Maji yalijaa mpaka yakamwagika juu ya vidole vyake kabla hajakumbuka kufunga.

"Niletee chupa," alisema.